Kofia Nyekundu ya Bakary

Kila asubuhi, pale Mitwero pembezoni mwa mji wa Lindi, Zuwena alikuwa wa pili kuamka nyumbani kwao, baada ya bibi yake, Bibi Kazija. Alifagia uwanja, akachota maji kisimani, akainjika chungu cha ming'oko, vile viazi vya porini, jikoni. Ikiiva aliimenya na kuipanga kwenye sinia. Halafu ilikuja kazi ambayo hakuna aliyewahi kumpangia, lakini kila siku aliikuta mikononi mwake: kumwamsha mdogo wake Bakary, kumnawisha uso, kumpa kidonge chake na kuhakikisha amekimeza.

Bakary alikuwa darasa la pili, na alikuwa na kifafa. Angeweza kuwa anacheka vizuri tu, mara macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanguka hapo hapo alipo, iwe jikoni, kisimani au barabarani. Dawa za hospitali zilipunguza kuanguka lakini hazikukumaliza. Kwa hiyo nyumba nzima iliishi na swali moja mdomoni. Mama akitoka chumbani: "Bakary yuko wapi?" Baba akirudi kutoka kwenye mikorosho yake Kilangala: "Bakary yuko wapi?" Bibi akimaliza kuswali, hata tasbihi hajaiweka chini: "Bakary yuko wapi?"

Zuwena yuko wapi? Aa, hilo halikuulizwa. Zuwena alikuwa darasa la sita, mzima wa afya, ana akili na miguu myepesi. Mtoto mzima atafutwe wa nini?

Mtu mmoja tu alimuulizia. Naye alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyesoma mpaka akawa daktari wa utafiti huko Dar es Salaam. Si daktari wa kuchoma watu sindano, bali wa kuchunguza magonjwa ya ubongo ambayo watoto huzaliwa nayo. Mama mdogo naye aliitwa Zuwena, na mtoto huyu alipewa jina hilo kwa heshima yake. Kwa hiyo walikuwa wajina, na kwa watu wa pwani ujina si jambo la mchezo. Mama mdogo akifika, kabla hajatua mzigo, alipaza sauti kutoka njiani: "Wajina wangu yuko wapi?" Zuwena aliliishi swali hilo. Alikuwa analisubiri mwaka mzima.

Ijumaa ile aliposikia mama mdogo anakuja, alisuka nywele, akafagia uwanja mara ya pili. Alibangua korosho mwenyewe, mafuta ya maganda yakamwunguza vidole, akazikaanga na kuziweka kwenye kibakuli cha bluu alichokificha kabatini. Bajaji iliposimama mbele ya nyumba alikuwa keshafika mlangoni, moyo unamdunda.

Mama mdogo akashuka na kisanduku cha barafu begani na mfuko mkononi.

"Hodi jamani!" akaita. "Bakary wangu yuko wapi?"

Zuwena alihisi kama kamwagiwa maji ya baridi. "Shikamoo, mama mdogo," alisema.

"Marahaba, wajina, umekuwa mkubwa!" Mama mdogo alimkumbatia haraka haraka huku macho yanatafuta nyuma yake. "Yuko wapi huyo mgonjwa wangu?"

Ndani ya mfuko mlikuwa na kofia nyekundu, laini, iliyoshonewa sponji nene ndani, yenye mkanda wa kufungia kidevuni. Ilikuwa ya kumlinda Bakary kichwa akianguka. Alipovishwa aliruka ruka uwanja mzima kwa furaha. Zuwena alingoja mfuko utoe kitu kingine. Haukutoa.

"Wajina, nisamehe," mama mdogo alisema. "Safari hii nimejaa mizigo ya kazi tu."

Zuwena akaleta korosho zake. Mama mdogo akashukuru, akampakata Bakary, na Bakary akazila zote, mpaka chumvi ya chini ya kibakuli akairamba. Basi hapo mdomo wa Zuwena ukamrefuka. Aliona gere, tena gere hasa. Kijiba cha roho kilimkaa kifuani, hata chakula cha jioni hakikushuka vizuri.

Baada ya kula, wote walikaa barazani. Mama mdogo akaanza kueleza kilichomleta.

"Shemeji, dada, mama, nisikilizeni. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna maagizo tuliyorithi kwa baba na mama, na kila agizo tunaliita jeni. Mwaka jana niliwachukua damu wote. Kwa Bakary tumekuta jeni moja ina kasoro, nayo ndiyo inayosaidia kutuliza umeme wa ubongo. Umeme ukikosa wa kuutuliza, mtoto anaanguka."

"Kwa hiyo si shetani?" baba aliuliza. Bibi Kazija akakohoa na kutazama pembeni, maana yeye ndiye aliyekuwa akimfunika Bakary kaniki na kumfukizia mavi ya tembo.

"Si shetani, shemeji. Wala haambukizi mtu."

"Sasa hiyo jeni mtaing'oa?" Bibi Kazija aliuliza.

"Hapana, mama. Tunatafuta njia ya kumpelekea iliyo nzima. Kuna kirusi kinachojua njia ya kuingia kwenye seli za ubongo. Tunakichukua, tunakiondolea kila kinacholeta ugonjwa, halafu tunakipakia jeni nzima. Ni kama bodaboda tu. Abiria mbaya tunamshusha, tunampandisha wetu."

Wote wakacheka, isipokuwa mmoja.

"Lakini nisiwadanganye," mama mdogo aliendelea. "Bado tuko maabara, na inaweza kuchukua miaka mingi. Jumatatu watachukua hospitalini kipande cha ngozi ya Bakary, kidogo kama punje ya mchele. Seli zake tutazilea mpaka ziwe kama seli za ubongo, tujaribu tiba kwazo kabla ya kumgusa binadamu. Familia zinazotaka ni nyingi na nafasi ni chache mno. Bakary amepata."

Mama alijifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Alhamdulillah," baba alisema.

"Na mimi?" Zuwena aliuliza.

"Wewe? Damu yako tunayo tangu mwaka jana. Wewe mzima bwana, huna neno! Hebu kamletee mdogo wako maji anywe dawa."

Zuwena alileta maji. Aliyatua kwa nguvu hadi nusu yakamwagika. Mzima, mzima! Uzima umekuwa kosa? Kama kuanguka ndiko kunakomfanya mtu apendwe, alijisemea, basi hata yeye anajua kuanguka.

Kesho yake mchana, mama alikuwa anapepeta mchele ukumbini na mama mdogo anazungumza na Bakary. Zuwena aliingia, akasimama katikati ya mkeka. Aligeuza macho, akakakamaza mikono, akajibwaga. Alitikisa miguu kama alivyomwona mdogo wake akitikisa mara nyingi. Hata povu alilitengeneza kwa mate.

Loo, nyumba ikawaka! Mama alitupa ungo, mchele ukatapakaa chini. Bibi Kazija akapiga ukemi. Mama mdogo alifika kwa kishindo, akamlaza ubavu, akamwekea kitambaa chini ya kichwa. Zuwena alipojidai kuzinduka alijikuta kapakatwa na wajina wake, anapepewa, anafutwa jasho.

"Wajina, wajina wangu, unanisikia?" Mama mdogo alimwinamia. "Kabla ya kuanguka ulihisi nini?"

"Nilisikia harufu ya kitu kinaungua," Zuwena alijibu kwa sauti ya chini. Maneno hayo aliyaiba kwa Bakary. Ndivyo Bakary alivyokuwa akisema siku zote.

Mama mdogo akafumba macho. "Ya Rabi," alisema.

Siku ile Zuwena alikula akilishwa, na hakuna aliyemtuma maji. Mama mdogo hakutoka ubavuni pake, na kila alipogeuka mtu alikuwa anamuulizia. Raha iliyoje! Ila mama Salome, jirani yao, alipokuja kutoa pole alisimama mbali mlangoni, akamshika mkono binti yake asiingie, na Salome ndiye shoga yake Zuwena wa kucheza naye rede kila jioni. Hilo lilimchoma kidogo.

Baada ya magharibi aliwasikia watu wazima barazani.

"Sielewi," mama mdogo alikuwa anasema. "Zuwena jeni yake ni nzima, nimeiona kwa macho yangu. Ndiyo maana tulisema tumemkamata mwizi. Mwenye kasoro anaanguka, asiye na kasoro haanguki. Sasa kama asiye nayo naye anaanguka kifafa kile kile, basi huenda jeni hiyo si yenyewe, na tungepakia kwenye kirusi mzigo usiohusika. Nimeshampigia mwenzangu Ignasi. Familia hii lazima ikae pembeni mpaka Zuwena achunguzwe."

"Na ngozi ya Bakary?" mama aliuliza.

"Jumatatu hatutaichukua, dada. Nafasi yake atapewa mtoto mwingine."

Mama alianza kulia polepole, kilio cha mtu aliyetumaini jana tu. Ndani, Zuwena alijifunika shuka mpaka kichwani. Nikwambie ukweli wa moyo wake ulivyokuwa? Hofu ilimshika, ndiyo. Lakini kile kijiba kilimnong'oneza kwamba vizuri, naye akose, kila kitu yeye tu. Akanyamaza.

Jumapili asubuhi Bakary alimfuata jikoni. Alikuwa amevua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili.

"Dada, shika. Vaa wewe."

"Ya nini?"

"Mimi nimeshazoea kuanguka. Wewe umeanza jana tu, utaumia." Akatabasamu, meno mawili ya mbele hayapo. "Halafu usiogope. Sasa tuko wawili. Zamani nilikuwa peke yangu."

Bakary alisimama kwenye vidole vya miguu, akamvisha kofia kichwani, akakimbilia uani kuwaambia kuku habari zake. Zuwena alibaki na kofia ile ndogo inayombana, macho yameanza kumwasha.

Mara akasikia kishindo.

Bakary alikuwa ameangukia kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa uani, na mwili unatikisika. Damu ilikuwa inamtoka kwenye paji la uso, pale pale ambapo kofia ingekuwa.

Zuwena hakupiga kelele. Alisogeza jiwe na ndoo mbali naye, akamlaza ubavu, akamfungua kifungo cha shingoni, akamwekea ile kofia chini ya kichwa. Bibi Kazija alikuja mbio na kijiko, anataka kumtia mdomoni. "Hapana, bibi, atavunjika meno! Wala tusimbane, tumwache mpaka kitulie," Zuwena alisema, huku akikandamiza jeraha kwa upindo wa khanga yake. Mama mdogo alipofika alikuta kila kitu kimefanyika kama inavyotakiwa. Alisimama akamtazama wajina wake kama anamwona kwa mara ya kwanza safari ile.

Mwili wa Bakary ukalegea, akaanza kupumua vizuri. Hapo ndipo Zuwena alipovunjika.

"Mama mdogo, mimi sikuanguka," alisema kwa kwikwi. "Jana. Nilijiangusha. Sina kifafa. Harufu sikuisikia, ni maneno ya Bakary. Nilikuwa namwonea wivu. Ulipokuja ulimuulizia yeye, kofia ukampa yeye, korosho nilizozibangua mimi akazila yeye. Na sasa kanipa kofia yake, kaumia kwa sababu yangu!"

Mama alimnyanyulia mkono, baba akaushika. Mama mdogo alimbeba Bakary, wakaenda naye zahanati akashonwa, wakarudi. Zuwena alingoja kibarazani muda wote huo, hataki kula, hataki kunywa. Salome alimwita kwa mbali, hakuitika.

Walipokwisha kumlaza Bakary, mama mdogo alikuja akakaa kando yake. Uso wake ulikuwa mkali.

"Unajua ni kwa nini sikukutilia shaka hata kidogo?"

Zuwena alitikisa kichwa.

"Kwa sababu hujawahi kunidanganya. Ningekuwa na shaka ningekuhoji zaidi. Nilikuamini, nikampigia Ignasi nikamwambia tumekosea, kazi ya miaka imekosea. Ungenyamaza mpaka kesho ningeondoka, na mdogo wako angekosa."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nitakusamehe. Na mimi unisamehe, maana nilikuja hapa nikakupita kama mlango. Nilikosea. Lakini kosa langu halikupi ruhusa ya kusema uongo, unanisikia?" Alivuta pumzi. "Halafu kuna jambo sikukuambia kwa haraka zangu. Tulijuaje kuwa jeni ile ndiyo yenye kasoro? Tulilinganisha damu ya Bakary na yako. Mlizaliwa tumbo moja, mmekula chungu kimoja, yeye anaanguka na wewe huanguki. Wewe ndiye uliyetuonyesha. Uzima wako umo ndani ya kazi hii tangu siku ya kwanza, nawe ukauchafua kwa uongo."

Zuwena aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye vidole vyake vilivyoungua kwa maganda ya korosho.

Mama mdogo alipiga simu mbele yake. Alimweleza Ignasi yote, bila kuficha aibu ya familia. Walizungumza muda mrefu. Alipokata simu, uso ulikuwa umelegea kidogo.

"Nafasi ilikuwa bado haijatolewa. Kesho Bakary atachukuliwa ngozi kama tulivyopanga. Lakini kuna sharti. Na wewe utapimwa, tena Dar es Salaam. Utavalishwa nyaya kichwani, mashine isome umeme wa ubongo wako, ithibitishe kuwa huna kifafa. Mpaka hapo, seli za Bakary zitawekwa tu kwenye barafu, hazitaguswa."

"Lakini nimeshasema ukweli!"

"Umesema. Juzi neno lako peke yake lingetosha. Leo halitoshi, mpaka mashine iseme pamoja nawe. Ndivyo uongo unavyofanya, wajina. Mtu anaweza kusoma vitabu vyote na kuwa na mashine zote za dunia, lakini sisi wa utafiti tunaanza na mtu anayetuambia kile alichokiona, si kile anachokitaka. Yeye akitudanganya, dawa tunayoitengeneza inakuwa uongo, na atakayekuja kuinywa ni mgonjwa wa kweli. Na wivu ukikukaba, uuseme mdomoni. Ungeniambia Ijumaa ile, 'Mama mdogo, umenisahau,' ningeona haya, ningekukumbatia, yakaisha."

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Haya, nenda kwa mdogo wako. Naye ana haki ya kusikia kwa mdomo wako."

Bakary alikuwa amekaa kitandani, bandeji kwenye paji la uso, anakula embe. Zuwena alimweleza yote, hakupunguza neno. Bakary aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo wewe huanguki?"

"Sianguki."

"Kwa hiyo niko peke yangu tena?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Zuwena kuliko ambavyo mkono wa mama ungemuumiza. Alikaa kitandani, akaichukua ile kofia nyekundu aliyokuwa ameifua damu na kuianika juani. Bado ilikuwa na unyevu kidogo.

"Wa kuanguka ni wewe," alimwambia. "Wa kukuinua niko hapa."

Bakary alifikiri. Kisha akamkatia kipande cha embe, kikubwa, akampa, akainamisha kichwa avishwe kofia yake. Zuwena alimfunga mkanda kidevuni taratibu, asiiguse bandeji.

Jumatatu asubuhi, kazi ya hospitali ilipokwisha na kisanduku cha barafu kimefungwa, bajaji ilikuja kumchukua mama mdogo. Aliagana na watu wote, kisha akasimama mlangoni akapaza sauti: "Wajina wangu yuko wapi?"

"Nipo huku uani!" Zuwena aliitikia. "Nampa Bakary dawa. Nakuja!"